Kila Mtoto wa Meza na Kazi Yake

Meza ya cherehani aliyoniachia bibi yangu ina watoto watano: wawili kulia, wawili kushoto, na mmoja mwembamba katikati, chini ya ubao. Nilipokuwa na miaka saba hivi, kazi yangu ilikuwa kukaa sakafuni karibu na kanyagio na kumpa bibi anachotaka. Akisema, "Kulia juu," bila kuinua macho, natoa mkasi. Akisema, "Kushoto chini," natoa kopo la vifungo. Sikumbuki hata siku moja aliyoniambia, "Nitafutie." Neno hilo halikuwa na kazi chumbani mwake.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi. Nimestaafu ualimu, na chumba kimoja cha nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, nimekifanya chumba cha kazi za mikono. Humo nashona, nadarizi foronya na mashuka ya maharusi, nafuma vitambaa vya makochi, na mara mojamoja nasuka ukili wa mkeka. Wageni wakiingia huangalia kasha, kabati la wavu na cherehani ya mguu, kisha husema, "Mwalimu, umekipamba kweli." Nashukuru, maana napenda chumba kipendeze. Lakini pambo lilikuja mwisho. Kilichotangulia ni lile somo la sakafuni: kitu kikae pale mkono unapokwenda kukitafuta. Na sijaona walimu wa somo hilo walio bora kuliko samani za zamani, kwa kuwa waliozitengeneza walijua hasa mikono itafanya nini mbele yake.

Anza na mkono, samani zitafuata

Nyumba yetu ni ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba. Ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, na ua nyuma. Binti yangu mkubwa alipoolewa, chumba chake kilibaki na kitanda kitupu, na haikupita miezi sita kikawa stoo ya feni mbovu, mabegi, ndoo zilizopasuka na magunia ambayo hakuna aliyejua yana nini. Ni chumba cha futi 10 kwa 10, chenye dirisha moja la mbao na nondo za chuma.

Nilipokitoa vitu na kukifagia, watu walinishauri niende mara moja kwa mafundi wa makabati. Sikwenda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeishi na madaftari maisha yangu yote. Nikachukua daftari moja la shule, nikaliweka kando ya cherehani, na kwa wiki mbili nikaandika kila kitu ambacho mkono wangu ulichukua, na mahali ulipokitoa.

Daftari lile lilinifungua macho. Vitu sita tu ndivyo nilivyovishika kutwa kucha: mkasi, sindano, uzi mweupe, uzi mweusi, futi ya kupimia na chaki. Zipu, lesi, vifungo na lastiki nilivihitaji mara mbili au tatu kwa wiki. Rangi za kuchemshia ukili nilizigusa mara moja tu katika siku zote hizo. Na bado zile rangi zilikuwa juu ya meza, huku mkasi nikiufuata jikoni, kwa kuwa kila aliyetaka kukata nailoni ya sukari aliuchukua.

Kutokana na hesabu hiyo nikagawa chumba kwa madaraja matatu. La kwanza ni la kukaa: yote ninayoweza kuyafikia bila kuinuka kitini. La pili ni la kusimama: hatua moja au mbili kutoka hapo. La tatu ni la kupanda kigoda au kuinama: juu ya kabati na chini ya meza. Ukishajua kitu ni cha daraja gani, unajua pia unahitaji samani gani. Wengi huanza na kabati kisha wakatafuta cha kutia ndani yake, na kabati likijaa wananunua jingine.

Cherehani ya bibi

Mshoni anayetumia mkono wa kulia anafaa apate mwanga kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie mshono. Hiyo ndiyo iliyoamua mahali pa cherehani, na cherehani ndiyo iliyoamua mahali pa vingine vyote. Imekaa ubavuni mwa dirisha, nami nikikaa, barabara iko kushoto kwangu.

Ni Singer namba 15, nyeusi, yenye michoro ya dhahabu iliyofifia pale ambapo viganja vya bibi vilikuwa vikipita. Kwenye kitako chake kuna nambari inayoanza na herufi EK. Herufi hizo humwambia anayezijua kwamba mashine ilitengenezwa Clydebank, Scotland, katikati ya miaka ya 1950. Kiwanda kile kikubwa kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zake hazikubaki yatima. Cherehani za Butterfly kutoka Shanghai, ambazo tunazo majumbani kwa wingi, ziliigwa kutoka umbo hilohilo la namba 15. Kwa hiyo bobini na boksi yake ninavipata dukani leo bila taabu, na sindano ni zilezile: namba 11 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa cha kawaida, 16 kwa kizito kama jinzi.

Ukirithi cherehani kama hii, usiitupe kwa sababu imekuwa nzito. Mara nyingi uzito ule ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Safisha kwa brashi, tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta, kanyaga bila uzi kwa dakika chache, kisha shona kwenye tambara mpaka mshono utoke bila doa. Mkanda wa ngozi ukilegea, ukate kidogo na uunge tena kwa pini yake. Yangu hupata mafuta kila Ijumaa asubuhi.

Watoto wake watano nimewapa kazi zao kama alivyofanya bibi. Kulia juu ni mkasi, futi na chaki. Kulia chini ni nyuzi za kushonea. Kushoto juu ni zipu na lastiki, na kushoto chini ni vifungo. Yule mwembamba wa katikati ana bobini, sindano na kimto cha sindano nilichokijaza sufi.

Hapo kulia juu pana kitu ambacho sikukiona nilipokuwa mtoto. Mwaka nilioisafisha meza nilimtoa yule mtoto wa meza mzima, nikamgeuza kwenye mwanga ili nipanguse vumbi. Kwenye ubao wake wa chini, karibu na mbele, pana mchirizi uliopinda kama mwezi mwandamo, una kina cha kutosha kuingia ukucha. Ni ncha ya mkasi wa bibi iliyouchimba, kila alipourudisha, kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu. Fundi aliyekuwa akinisaidia alitaka kuulainisha kwa msasa. Nilimkataza.

Meza iliyovishwa viatu

Kitu kikubwa nilichonunua ni meza ya kukatia. Nilimpata mama mmoja aliyekuwa akihama, akaniuzia meza yake ya kulia chakula ya mninga, futi 3 kwa 5. Urefu huo unakaribiana na wa upande mmoja wa kanga, ambao ni kama sentimita 150 kwa 110, hivyo kitambaa hulala bila kuning'inia ncha. Tatizo lilikuwa kimo. Meza ya kulia ni ya mtu aliyekaa, kama sentimita 75. Anayekata nguo husimama, na akikata kwa saa mbili juu ya meza fupi, mgongo utamwambia usiku.

Nilikwenda kwa fundi seremala mmoja mzee ambaye amenitengenezea vitu tangu watoto wangu wadogo.

"Shikamoo, mzee wangu. Nataka uniungie miguu ya meza, iwe mirefu."

"Marahaba, Mwalimu." Akaizunguka meza, akapitisha kiganja chini ya ubao. "Mninga kama huu haukatwi wala hauungwi. Tutauvalisha viatu."

Alichonga vipande vinne vya mti, kila kimoja kina kimo cha sentimita 15, na juu yake akachimba kidimbwi cha kina cha kidole kimoja ili mguu wa meza ukae ndani usiteleze. Meza ikakaribia sentimita 90. Wewe kipimo chako kipate hivi: simama wima, kunja kiwiko, kisha ubao wa meza uwe chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja. Tukipata wageni wa sikukuu, naivua meza viatu vyake, inarudi kuwa ya kulia pilau.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kuheshimu mti kwa sifa yake. Mninga hausinyai wala hauvimbi sana, ndiyo maana droo yake ya miaka arobaini bado inateleza. Mvule huvumilia mchwa, ila ndani yake hujificha vijiwe vigumu vinavyokula meno ya msumeno. Msaji una mafuta yake ya asili, na sisi wa Tanga tuna bahati kwamba shamba la misaji la Longuza liko hapo Muheza. Ukijua mti, unajua pia ni kitu gani cha kukitegemea.

Kabati la wavu, kasha na matranka

Kabla friji hazijaenea, kitoweo kililala katika kabati la wavu: fremu ya mbao, milango ya wavu mwembamba wa waya, na miguu minne iliyosimamishwa ndani ya vikopo vya maji ili sisimizi wasipande. Mengi yalitupwa. Nililipata langu uani kwa watu, limegeuzwa banda la vifaranga, nikalilipia shilingi 30,000.

Sijapata kabati linalofaa nyuzi za kufumia kuliko hili katika mji wa pwani kama wetu. Masika yakija, kuanzia Machi hadi Mei, kabati lililofungwa kabisa hutoa harufu ya ukungu, na uzi wa pamba hunyonya unyevu. Kwenye wavu upepo unapita, panya hapiti, na mimi naona rangi zote bila kufungua mlango. Rafu ya juu ina nyuzi za kufumia, ya kati ina kazi ambazo hazijaisha, kila moja katika kikapu chake pamoja na sindano yake, na ya chini ina pasi. Huu mtindo wa kikapu kimoja kwa kazi moja nawasihi sana wafumaji. Kitambaa kilichoachwa katikati hupotea kwa sababu sindano yake imekwenda kwenye kitambaa kingine.

Kasha ni la mama yangu. Makasha mengi ya mwambao yalikuja kwa majahazi kutoka India, na wauzaji bado huyataja kwa majina ya Surat, Bombay na Shiraz. La mama ni la msaji, lina misumari ya shaba iliyopangwa kama maua na watoto watatu wa chini. Ndani, pembeni, mna kisanduku kidogo chenye kifuniko. Ukikisimamisha kifuniko hicho, ndicho kinachoushikilia mfuniko mkubwa usikuangukie. Nimewaonya watoto wote wa nyumbani juu ya mfuniko huo, maana ni mzito na unavunja vidole.

Kasha ndilo kabati langu la kanga. Mwanzoni nilizirundika moja juu ya nyingine, na kila nilipotaka ya chini nilivuruga zote. Sasa nazikunja ndogo, kisha nazisimamisha kama vitabu, kunjo la juu likionyesha jina. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mtu anayekuja kuchagua ya kumpa wifi yake hatafuti rangi kwanza, anatafuta maneno. Akifungua kasha anasoma majina yote kwa safu moja, na anachomoa ya kwake bila kugusa nyingine.

Chini ya meza yamo matranka mawili ya bati ambayo wanangu waliendea shule ya bweni. Moja lina vipande vya vitenge na kanga, vimefungwa kwa rangi. La pili lina vitambaa vyeupe. Majina yao ya rangi nyeupe bado yapo kwenye mifuniko, nami sikuyafuta. Nimeongeza karatasi tu inayosema kilichomo. Pasi ya mkaa ya bibi, iliyopoa miaka mingi, inakaa juu ya meza kuzuia pateni za karatasi za kaki feni inapowashwa.

Mtindo wa kale, mbao mpya

Si lazima kila kitu kiwe cha kale. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, kuta za ndani zilitengenezewa vidaka, safu juu ya safu za vishimo vya lipu, humo wakipanga sahani na vyombo vya kaure. Mimi siwezi kuuchimba ukuta wangu, utaanguka. Nilimchorea fundi picha, akanitengenezea kidaka cha mbao: fremu yenye kina cha sentimita 12, vyumba vidogo 25, ukingo wa juu wa kila chumba umepinda kama tao. Nimekitundika juu ya cherehani. Kila chumba kimoja ni cha rangi moja ya uzi wa kudarizia. Ni kipya, na ninamwambia kila anayeuliza kwamba ni kipya.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuuziwa uongo. Mfanyabiashara mmoja aliniuzia kijikasha akiapa ni cha tangu zama za masultani. Nilikilipia fedha nyingi, na nikagundua nyumbani. Tangu siku hiyo nina desturi zangu za kukagua, nami nakupa bure. Toa droo nzima uitazame mgongoni na chini, kwa sababu anayeghushi hupaka rangi mbele tu. Angalia pale mkono unaposhika: kitu cha zamani kimelika kwenye kishikio na kwenye ukingo, kikabaki na pembe kali mahali pasipoguswa. Kitu kilichochakazwa kwa makusudi kimechakaa kila mahali sawasawa. Nusa. Vanishi mbichi haijifichi. Tazama misumari na skrubu kama ina kutu ya kweli au inang'aa chini ya rangi. Samani mpya ya mtindo wa zamani ni kitu kizuri na ni riziki ya mafundi wetu, mradi iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Kabla hakijaingia ndani

Samani ya mitumba huja na wageni wake. Bungua ndiye wa kuogopwa. Ukiona vitundu vidogo kama vya pini, usikate tamaa na usikiingize kitu hicho ndani. Kifagie, kiweke barazani au uani, tandika karatasi nyeusi chini yake kwa wiki moja. Karatasi ikibaki safi, yaelekea vitundu ni vya zamani na wenyewe wameshahama. Ukikuta unga mpya, wapo. Hapo tia dawa ya mbao kwa bomba la sindano katika kila tundu, kifunge kwa nailoni siku kadhaa, kisha kiache kipigwe na upepo mpaka harufu iishe. Mchwa yeye hutoka ardhini na ukutani, kwa hiyo kila samani yangu imeachana na ukuta kwa shibiri moja, nipate kuona kama amejenga njia yake ya udongo.

Droo inayogoma wakati wa masika usiivute kwa hasira wala usikimbilie randa. Mbao zimevimba kwa unyevu, kiangazi zitasinyaa, na ukizipunguza sasa zitakuja kucheza baadaye. Sugua kipande cha mshumaa au sabuni kavu kwenye njia zake, mara nyingi hiyo inatosha.

Kosa langu kubwa lilikuwa rangi. Nina kabati dogo la vyombo la mvule, na niliona picha ya chumba cheupe tupu, nikakitamani. Nikalipaka kabati rangi nyeupe ya mafuta juu ya vanishi ya zamani bila kulipiga msasa. Masika ya kwanza milango ikagandana na fremu, na nilipoivuta, rangi ikabanduka kama ganda la yai. Nilichukua wiki tatu kuiondoa, na kila jioni nilipoona uso wa mvule ukirudi, wa hudhurungi kama asali, niliumia kwamba nilikuwa nimeufunika. Mti mzuri uache uonekane. Kama ni lazima upake rangi, paka mbao za kawaida, na upige msasa kwanza.

Mambo mawili ya usalama, tafadhali. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Ukiondoa rangi usiyoijua, loanisha mbao kabla ya kupiga msasa, fanya kazi nje, vaa barakoa, watoto wakae mbali. Na ukitumia mafuta ya kitani kung'arishia mbao, usiviringe matambara yake na kuyatupa pembeni. Matambara hayo hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakauke.

Kuta, sakafu na harufu

Kuta nimezipaka chokaa kwa desturi ya zamani: chokaa, chumvi kidogo ishike, na buluu ya kufulia kiasi cha kijiko, ili weupe upate ubaridi. Chumba kidogo kilichopakwa hivyo hupanuka machoni, na rangi za nyuzi hazidanganyi kama zingedanganya mbele ya ukuta wa kijani. Sakafu ni saruji nyekundu. Pini ikianguka inang'aa, na kwenye mguu wa meza nimefunga sumaku kwa uzi ili niiokote bila kupapasa.

Nguo nazilinda kwa karafuu zilizofungwa ndani ya vifuko vya bafta, nikizibadilisha harufu inapoisha. Lakini mlinzi wa kweli dhidi ya nondo na mende ni usafi. Kitambaa chenye jasho au wanga wa zamani kisiingie kashani kabla ya kufuliwa na kuanikwa. Mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na vuli ikiisha, natoa kila kitu uani kikae juani nusu siku.

Pambo nimelitundika mwishoni kabisa: fremu moja yenye foronya aliyoidarizi mama yangu akiwa mwari, waridi mbili na jani moja ambalo halikumalizika. Inatosha. Wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa muda mrefu nilidhani methali hiyo inahusu watu tu, kumbe inahusu pia meza, kabati na cherehani.

Usiku wa kuamkia Idi

Wasichana wawili wa jirani huja kwangu kujifunza baada ya shule. Mdogo ana miaka tisa, na hupenda kukaa sakafuni, pale pale nilipokuwa nikikaa mimi. Mwaka jana, usiku wa kuamkia Idi, nilikuwa na magauni matatu ya kumaliza na watu wake wakiyasubiri barazani. Baada ya Isha umeme ukakatika mtaa mzima. Mkubwa akakimbilia ukumbini kutafuta chemli na kiberiti. Mimi sikuinuka. Cherehani ya mguu haidai umeme, nami kitambaa nilikuwa nimekishika. Nilihitaji kukata uzi tu.

"Kulia juu," nikasema gizani.

Nilisikia mtoto wa meza akiteleza, kisha mpini wa mkasi ukagusa kiganja changu. Nikakata, nikamrudishia. Mwanga wa chemli ulipoingia mlangoni nilimkuta bado ameinama kwenye droo, ameshika mkasi kwa uangalifu, anatafuta kwa kidole ule mchirizi uliopinda. Alipoupata, akailaza ncha ndani yake, akaifunga droo taratibu. Sikuwa nimemwambia.